Mbegu Zilikuja, Jiko Likabaki: Barua kwa Shangazi wa Tukuyu

Oaxaca, Meksiko

Shangazi,

Natumaini mvua haijawakasirikia, maana Tukuyu bila mvua watu hawalali usingizi, na natumaini banda lako bado linajaa madereva wa Kyela ikifika saa saba mchana. Mimi ni mzima wa afya. Kabla sijaondoka uliniagiza nisikuletee habari za magorofa, nikuambie watu wa huku wanakula nini na wanakula vipi. Nimelitimiza agizo lako kwa moyo mmoja, na mkanda wa suruali ni shahidi.

Masomo ya kilimo cha parachichi yaliyonileta huku yalikuwa Uruapan, katika jimbo la Michoacán, mji unaojiita makao makuu ya parachichi duniani. Sasa nimeteremka kusini, Oaxaca, kutazama masoko kabla ya kurudi nyumbani. Mji umezungukwa na milima, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, na sokoni wamama wamekaa nyuma ya mafungu ya maharage, mahindi ya rangi nne, nyanya, pilipili na parachichi. Ukifumba macho usisikilize lugha, utadhani uko Kiwira.

Nianze na banda la chakula, kwa kuwa ndiyo kazi yako. Huku linaitwa fonda, na mwenye banda karibu kila mara ni mama. Asubuhi watu wanakunywa kahawa au uji wa mahindi na mkate mtamu. Kwenye saa nne au saa tano wengi wanatafuna kitu cha kushikilia tumbo. Chakula kikuu ni cha mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi, na usiku wanakula kidogo tu. Kwa bei moja mteja anapata supu, kisha wali au tambi, kisha nyama au kuku katika mchuzi, maharage pembeni, na jagi la kinywaji cha ukwaju au cha rozela. Chapati nyembamba za mahindi, ndizo tortilla, zinaletwa za moto zimefungwa kwenye kitambaa, nazo hazihesabiwi. Ukimaliza, zinaongezwa.

Lakini kabla ya supu kufika, mezani tayari kuna bakuli mbili, moja nyekundu na moja ya kijani. Hizo ndizo salsa. Kwetu kachumbari ni ya pilau na nyama choma, na pilipili inaombwa kwa anayeitaka. Huku meza isiyo na salsa haijaandaliwa. Supu, maharage, mayai, nyama, hata embe na tango barabarani, vyote vinasubiri pilipili, chumvi na ndimu. Nimemtazama mama wa fonda ninapokula: chakula chake anakipika kwa upole, chumvi ya wastani, bila ukali. Anajua kwamba kazi haijaisha. Mlaji ndiye anayemalizia kupika, kila mtu kwa ulimi wake. Babu mwenye vidonda vya tumbo na kijana anayetaka kutoka jasho wanakula sufuria moja na hakuna anayelalamika. Kwetu sisi mpishi anamwaga mchuzi juu ya ugali, mteja anaondoka na alichopewa.

Sasa nikupe upishi wenyewe, usije ukasema nilikuandikia hadithi. Salsa nyekundu ya kawaida inataka nyanya nne zilizoiva, nusu kitunguu, punje mbili za kitunguu saumu na pilipili mbuzi moja. Usikate kitu. Viweke kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, uvigeuze juu ya moto hadi ganda lifanye madoa meusi na nyanya ianze kutoa maji. Saga kwanza saumu, pilipili na chumvi, kisha kitunguu, nyanya mwisho, na usisage hadi iwe laini kabisa. Ile harufu ya kuungua kidogo ndiyo inayoitofautisha na rojo letu la nyanya la kukaanga. Wazee wa huku wanasagia kwenye kinu cha jiwe chenye miguu mitatu, molcajete, kinachochongwa kwa mawe ya volkano. Mawe hayo kwetu Rungwe tumeyajengea misingi ya nyumba, na sijawahi kuona mtu aliyewaza kuyaingiza jikoni.

Pilipili mbuzi nimeitaja kwa makusudi. Ni ndugu wa habanero, ile wanayojivunia watu wa rasi ya Yucatán. Ila huku hawana pilipili moja wala mbili. Wana za kula mbichi, za kukaushwa, za kufukizwa moshi; na ikikaushwa, pilipili inabadilishwa jina na kazi. Jalapeño iliyofukizwa moshi inakuwa chipotle. Poblano iliyokauka inakuwa ancho, nyeusi na tamu kidogo, mhimili wa mole. Mole ni mchuzi mzito wa sherehe: pilipili kavu za aina kadhaa, ufuta, karanga au lozi, viungo, na katika ile nyeusi ya Oaxaca kipande cha chokoleti. Kuna watu wanaianza leo ili iliwe kesho. Harusini inapikwa, msibani inapikwa, na mwanzoni mwa Novemba, siku za kuwakumbuka wafu, sahani yake inawekwa kwenye meza ya marehemu pamoja na maua ya njano na vile alivyovipenda akiwa hai.

Jambo lililonishika zaidi ni mahindi. Hapa Oaxaca, kwenye pango karibu na Mitla, wataalamu wa mambo ya kale walipata magunzi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000, na mahindi yenyewe yalianza kulimwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita. Kwa hiyo hawa ndio wenye mahindi. Na wenye mahindi, Shangazi, hawasagi punje kavu kama tunavyofanya. Wanazichemsha kwenye maji yenye chokaa ya chakula, wanaziacha humo usiku kucha, asubuhi wanaziosha hadi maganda yatoke, ndipo wanazisaga zikiwa na unyevu. Unga huo unashikana ukawa tortilla bila ngano, unanukia kivyake, na una faida ambayo mababu zao waliijua kwa uzoefu kabla ya maabara yoyote: chokaa inaifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje.

Mahindi yalipovushwa bahari kwenda Ulaya, na baadaye Afrika, yalikwenda bila somo hilo. Maskini wa kaskazini mwa Italia na wa kusini mwa Marekani walioishi kwa mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, kuharisha na kuchanganya akili. Wala si mambo ya mbali. Mwaka 1990, ng'ambo tu ya mpaka wetu, maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua ugonjwa huohuo baada ya mgao wao wa karanga kukatika na kubaki na mahindi. Rungwe tumenusurika kwa sababu sahani yetu haikuwahi kuwa na mahindi peke yake. Kuna ndizi, maharage, magimbi, maziwa, na samaki wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela. Bibi hakusoma habari za niasini, lakini aliposisitiza kwamba ugali bila maharage si chakula, alikuwa sahihi.

Kande yako nayo ina ndugu huku, inaitwa pozole. Ni punje nzima za mahindi yaliyopikwa na chokaa, zikachemshwa tena pamoja na nyama hadi zichanue. Inaletwa ikiwa supu, na pembeni kuna sahani ya kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, figili, kitunguu, ndimu na pilipili ya unga. Kila mtu anarundika anavyotaka. Kande yako ya Jumatano ikipewa sahani ndogo ya namna hiyo itakuwa chakula kipya bila kuongeza gharama ya kuogopesha. Lakini tafadhali, usije ukatumia chokaa ya kupaka ukuta. Endelea na mahindi yako ya kukoboa, mengine tutazungumza nikirudi.

Nije kwenye parachichi, maana najua baba na vijana wa Kyimbila wanasubiri sehemu hii wakusomee kwa sauti. Huku parachichi si tunda la kumpa mtoto atulie. Ni kitoweo. Linakatwa vipande juu ya supu ya kuku, linapangwa juu ya maharage, linapondwa na kitunguu, pilipili, kotimiri, chumvi na ndimu likawa guacamole, au linasagwa na maji kidogo na pilipili mbichi likawa ile salsa ya kijani ya wauza nyama. Sukari kwa kawaida hawalitii. Juisi yetu ya parachichi na maziwa niliwaelezea, wakanitazama kwa heshima ya wageni. Na kuna jambo sikulitegemea: Oaxaca wanapika maharage meusi na majani ya mparachichi yaliyokaushwa motoni, yanatoa harufu tamu ya anisi. Hayo ni majani ya mparachichi wa asili ya Meksiko, ule wa tunda dogo lenye ganda jembamba. Usijaribu na majani ya Hass wala ya miti yetu mingine. Mbuzi wamekufa kwa kuyala.

Hass yenyewe haikutoka Meksiko moja kwa moja. Mfanyakazi wa posta wa California aliyeitwa Rudolph Hass alipanda mbegu asiyoijua asili yake, mti ukazaa tunda la ganda jeusi lisilochubuka njiani, naye mwaka 1935 akaupatia hataza. Kila mti wa Hass duniani, ukiwemo ule alioupandikiza kaka kwenye mteremko wa Kyimbila, ni tawi la tawi la mti huo mmoja. Ule wa mwanzo ulikufa mwaka 2002. Ganda gumu ndilo lililoifikisha Rungwe kwenye meli za Ulaya, na tangu makubaliano ya Novemba 2022, soko la China nalo limefunguliwa kwa parachichi la Tanzania.

Hapa ndipo ninapotaka baba anisikilize. Michoacán wamepata fedha, hilo nimeliona kwa macho: magari, nyumba, watoto shuleni. Soko la Marekani lililokuwa limefungwa tangu 1914 lilianza kufunguliwa mwaka 1997, na tangu hapo milima imevaa parachichi. Misitu ya misonobari ikakatwa. Visima na vijito vikagombaniwa. Kisha wakaja wenye bunduki, wakawatoza wakulima kodi ya kuachwa hai. Katika mji wa Cherán, mwaka 2011, wanawake ndio walioanza kuyazuia malori ya magogo. Mji mzima ukasimama nyuma yao, wakaweka ulinzi wao wenyewe, wakaanza kupanda upya miti iliyokatwa, na mashamba makubwa ya parachichi wakayakataza katika ardhi yao. Sisi hatuna bunduki hizo na Mungu atuepushe nazo, lakini mlima tunao. Msitu wa Mlima Rungwe, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, ndio unaolisha mito inayonywesha migomba yako, na ndimo anamoishi kipunji, kima ambaye sayansi ilimjua mwaka 2003 tu ingawa wawindaji wetu walikuwa na jina lake zamani. Mti wa Hass usivuke mpaka wa msitu ule, hata bei ikipanda mara mbili.

Usije ukadhani kila anayesema Kihispania anakula pilipili. Darasani kwetu Uruapan alikuwepo bwana mmoja wa Madrid. Aliionja salsa siku ya kwanza, akaomba mkate, na hakuirudia. Kwao Uhispania tortilla ni mayai na viazi vya kukaanga, na mchuzi unategemea mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Waajentina wana mchuzi wao wa majani na siki kwa ajili ya nyama choma. Waperu wana pilipili ya njano wanayoisaga na jibini. Lugha ni moja kwa sababu ya watawala, majiko ni mengi kwa sababu ya ardhi na wenyeji. Hata Afrika wapo: Guinea ya Ikweta inaongea Kihispania, na mchuzi wake wa karanga ungekaa vizuri mno juu ya ndizi zako.

Na ndizi, Shangazi, zimesafiri kinyume cha mahindi. Asili yake ni Asia, zikaota mizizi Afrika, na mwaka 1516 kasisi Tomás de Berlanga akazivusha kutoka visiwa vya Kanari hadi kisiwa cha Hispaniola. Waafrika nao wakaletwa kwa minyororo, wakiwa na ujuzi wa kuzipika. Leo katika Jamhuri ya Dominika wanaamka na ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa, juu yake vitunguu vilivyokaangwa. Mtu aliyekua na mbalaga, ndizi zetu za kupika, hahitaji kufundishwa kuzila. Puerto Rico wanazikaanga, wanaziponda kwenye kinu na kitunguu saumu, na hawafichi kwamba ujuzi huo ulitoka Afrika. Hapa Meksiko, sensa ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 wanaojitambua kuwa na asili ya Afrika, wakiwemo wale wa pwani ya Oaxaca na ya jimbo jirani la Guerrero. Na tamale za Oaxaca, zile za mole nyeusi, zinapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Nilipolifungua mezani, harufu ya jani ilinifikia kabla ya nyama.

Adabu zao za kula ni nzuri. Kwetu anayekula ndiye anayemkaribisha anayepita. Huku anayepita, hata asiyekujua, ndiye anayekutakia mlo mwema, na akiondoka anairudia baraka hiyo kwa meza zote. Wakishamaliza kula hawainuki. Saa nzima inapita kwa mazungumzo, vikombe vikiongezwa, na mwenye fonda hawafukuzi kwa macho. Jumapili familia inakaa hivyo hadi jua linainama. Wanyakyusa hatuna haja ya kuuonea wivu utamaduni huo. Monica Wilson, aliyekaa kwetu na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika, ambamo kula na wenzako wa rika, kunywa pamoja na kuzungumza vilihesabiwa kuwa shule ya utu. Aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Siku hizi mteja wako anakula akitazama simu, konda akipiga kelele za gari kuondoka. Nisiwapambe Wameksiko pia: vijijini nimeona mama akisimama jikoni kugeuza tortilla za moto hadi wanaume washibe, ndipo akae. Hilo nalo linafanana na kwetu, na halifai kusifiwa mahali popote.

Shangazi, nimefika mahali pa kusema ninachokiamini. Mahindi, maharage, nyanya, pilipili na parachichi vyote vilitoka upande huu wa dunia. Tulipokea mbegu, tukazilea vizuri, zingine tumezizidi kwa utamu. Jiko lake halikuja nazo. Parachichi ndilo linaloonyesha hasara hiyo waziwazi: tunalima zuri, tunalichagua, tunalipanga kwenye makreti ya wageni, halafu mezani kwetu halina nafasi ya kudumu. Upishi wa jadi wa Meksiko uliandikwa na UNESCO mwaka 2010 kuwa urithi wa binadamu wote, lakini si cheti kilichouhifadhi. Umehifadhiwa na mama wa fonda anayeupika kila siku na dereva wa lori anayeulipia. Mkulima wa Michoacán meli ikichelewa bado ana jirani wa kumuuzia. Mkulima wa Rungwe mnunuzi asipokuja anabaki na rundo linalooza, kwa kuwa hatujajifunza kulila.

Kwa hiyo nakuomba, usisubiri nirudi. Weka bakuli mbili kwenye kila meza ya banda lako: moja ya nyanya na pilipili mbuzi zilizochomwa, nyingine ya parachichi, ndimu na kotimiri. Usiongeze bei kwa mwezi wa kwanza. Zisage asubuhi ileile na zikibaki jioni zimwage, maana parachichi halivumilii kulala. Wape pamoja na mbalaga, wape pamoja na kande, wape madereva wa Kyela pamoja na samaki. Atakayekataa mwache. Atakayeomba nyongeza mwambie limetoka Kyimbila.

Nisalimie baba, kaka na wote wa nyumbani.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.